Ubongo wa Viti Kumi na Kimoja

Profesa hakusalimia kama watu wengine. Ukikutana naye kwenye njia ya kushuka sokoni Nyawera, hakuuliza habari ya nyumbani wala ya masomo. Alisimama mbele yako, akainamisha kichwa kidogo, akasema: "Ulikuwa naenda kufanya nini?" Ukijibu haraka alirudia: "Na mbele ya kuniona, ulikuwa nafikiri nini?" Wamama wa kwenye bomba la maji walikwisha kumzoea. Siku moja mmoja wao alimjibu mbele ya wote, ndoo ikiwa kichwani:

"Profesa, mi nilikuwa naenda kuteka mayi, sasa we umenisahaulisha hata jina ya bwana yangu!"

Wote walicheka. Profesa alipiga makofi kama mtoto. "Voilà! Njo ile natafuta, Maman!" Ndicho alichokuwa akitafuta; akatoa kaye, daftari lake, mfukoni na kuandika palepale, huku watu wanampita na mizigo yao.

Alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alifundisha chuo kikuu siku ambazo chuo kilikuwa wazi, na miaka ile hazikuwa nyingi. Mjini kulikuwa na maprofesa wengine, lakini kwenye avenyu yetu neno hilo lilikuwa lake peke yake. Jina lake nalijua. Sitaliandika.

Kazi yake nilielezwa nikiwa na miaka kumi na mitano, nikisubiri mvua ipite chini ya bati lake. Aligonga paji la uso kwa kidole. "Huku nyuma ya kichwa iko ya kuona. Huku pembeni ya kusikia. Hapa mbele, nyuma ya mufupa, haione na haisikie. Kazi yake ni kushika."

Sikuuliza kushika nini. Mimi siulizi. Aliendelea mwenyewe.

"Maman anakutuma chumvi. Njiani kuna muziki, kuna batu wanapigana, rafiki yako anakuita, kamyo ya basoda na bunduki zao inapita. Byote binakupigia kelele. Na bado unarudi na chumvi. Nani alishika ile chumvi mu kichwa?"

Alisema sehemu hiyo ya mbele ina kazi tatu: kushika unachokitaka, kuzuia mkono usifanye ulichozoea, na kubadilika pale mambo yanapobadilika. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoipenda. Ulaya alikosoma alitengeneza kitu alichokiita modeli: seli za ubongo zilizofanywa kwa tarakimu ndani ya ordinateri, yaani kompyuta, kila seli ikisukuma au kuzuia mwenzake. Hakutaka kutengeneza mtu wa chuma. Alitaka kujua kama tunaelewa kweli. Alisema mtu anayedai anajua namna mboga ya sombe inavyopikwa, mpe sufuria, usimpe kiti cha kuzungumza.

Ordinateri alirudi nayo. Kwenye vita ya kwanza, kati ya zile mbili zilizopita mji wetu, wanajeshi waliingia nyumbani kwake, wakachukua skrini wakifikiri ni televizyo, wakaacha sanduku. Alibaki na ubongo usio na uso, na umeme wenyewe ulikuwa unakuja kama mgeni. Basi akaanza kukokotoa kwa mkono. Kaye za mistari ya miraba, kalamu ya risasi, na maharagwe kwenye sahani za kuhesabia. Kitu ambacho ordinateri ingefanya kabla hujafumba jicho kilimchukua asubuhi nzima. Nilimkuta mara nyingi barazani, meza imejaa tarakimu, anahamisha maharagwe kutoka sahani hii hadi ile, midomo ikicheza. Mke wake alipopita alikuwa akichukua maharagwe machache kutoka kila sahani na kwenda kuyapika, na Profesa akifika kwenye jumla anapiga kelele kwamba ubongo umevuja.

Alikuwa mtu wa ajabu kwa hilo. Aliandika juu ya kupanga na kujizuia, na mwenyewe aliunguza chai. Alikwenda misa ya asubuhi na soksi mbili za rangi tofauti. Sukari iliyofichwa nyuma ya debe la unga aliilamba kwa kidole, na aliposhikwa alisema, "Niko napima." Alituambia kichwani hakuna shefu. "Hakuna mukubwa mwenye kukaa humo na kutoa amri. Kuna badogo wengi wanasikilizana, njo basi." Lakini nyumbani kwake hakuna aliyekaa kabla yake, na ukisogeza kalamu yake mezani anakunyamazia siku tatu. Alitufundisha sisi wasichana kwamba tukatize mtu akikosea, hata awe nani. Ukimkatiza yeye, alifumba macho na kuanza sentensi yake upya tangu mwanzo.

Vita ya pili ilipoanza shule zilifungwa. Tulikaa nyumbani wiki nyingi. Ndipo Profesa akaenda kwa Papa Sakristani, mzee anayetunza kanisa dogo la mtaa wetu, akaazima viti kumi na kimoja. Akavipanga uani kwake siku ya Jumapili baada ya misa, na kuita yeyote aliyetaka kuwa seli. Tulikwenda kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda.

Nitaeleza viti, maana bila viti mengine hayaeleweki. Alikuwa amekata karata kutoka kwenye maboksi ya sabuni. Kila karata ilichorwa maumbo, nyota au msalaba au duara au pembe tatu, ya rangi moja kati ya nne, na idadi kuanzia moja hadi nne. Chini kulikuwa na marundo manne, kila moja na karata yake ya mfano, na kila karata ilipaswa kwenda kwenye rundo lake. Lakini kwa rangi? Kwa umbo? Kwa hesabu? Huambiwi. Unaweka, unaambiwa ndiyo au hapana, basi. Ukishapata kanuni na kuizoea, inabadilishwa kimyakimya, na unatakiwa kugundua.

Viti vitatu vya nyuma viliangalia: mmoja rangi tu, mmoja umbo tu, mmoja hesabu tu. Viti vitatu vya mbele vilishika kanuni, na aliyeishika alikaa na mkono juu hata karata ikishaondolewa. Watu wanne walisimamia marundo, na walimsikiliza yule wa nyuma ambaye mwenzake wa mbele alikuwa na mkono juu. Kiti cha kumi na moja kilisikiliza neno hapana tu. Ukilisikia mara mbili, unainuka, unakwenda kwa mwenye mkono juu, unaushusha, na mwingine anapandisha wake.

Kiti hicho nilipewa mimi. "Huyu haseme," alisema Profesa, "kwa hiyo anasikia."

Mkono uliokuwa juu ulikuwa wa Papa Sakristani, kwenye kiti cha Rangi. Profesa akabadilisha kanuni. Hapana. Hapana. Niliinuka. Nikafika. Pale nilikwama. Mzee huyu alitufundisha katekismu, na wazee wenzake walikuwa wamekaa ukutani wanatazama. Kushika mkono wa mzee na kuusukuma chini mbele ya watu ni kitu ambacho kwetu mtoto hafanyi. Nilipiga goti kidogo kama anayeomba baraka, nikarudi kwenye kiti changu. Hapana, alisema Profesa. Hapana. Hapana. Ubongo wetu uliendelea kupanga kwa rangi, karata baada ya karata, na watoto waliopanda juu ya ukuta wakaanza kuimba, "Bongo imekufa! Bongo imekufa!"

Profesa alikuwa anatetemeka kwa furaha. "Musicheke! Njo ile kabisa! Hii bongo haikosi akili. Umbo inaona, hesabu inaona, hata hapana inasikia. Ila mukono haushuki!" Aliandika kurasa mbili. Alisema amewaona watu wa namna hiyo hospitali, walioumia hapa mbele, na kwamba tarakimu zake hazijawahi kumwonyesha vizuri kama mimi.

"Mutoto," aliniambia Papa Sakristani akijikanda bega, "ungenishusha tu. Mukono ilishanikufa."

Jumapili iliyofuata Profesa alifunga utepe wa kitambaa kwenye kifundo cha mkono wa mzee, na mimi nikawa navuta utepe nikiwa nimekaa kitini. Hivyo niliweza. Ubongo ukapona. Kila Jumapili kanuni zilifuatana vilevile: rangi, umbo, hesabu, na kila kanuni ilibadilika baada ya ndiyo sita. Hakubadilisha mpangilio kwa sababu mpangilio huo ndio aliokuwa ameukokotoa kwa maharagwe kwa miezi mingi. Kuugeuza ni kuanza kaye zote upya.

Yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, alikuwa anatazama kutoka ukutani. Hakukosa Jumapili hata moja.

Yaya ni mkubwa wangu kwa miaka mitatu. Kwenye vita ya kwanza kipande cha bomu kilimwingia juu ya jicho la kulia. Walikitoa, jeraha likafunga, na madaktari wakasema amepona. Alizungumza vizuri. Alikumbuka magoli ya mechi za zamani na nani alifunga. Alichekesha. Lakini akiona ufagio alifagia, hata kama tumekwisha kufagia. Akianza kumenya ndizi hakuacha. Maman alisema, "Basi, zimetosha." Yeye akajibu, "Najua, Maman, zimetosha," na kuchukua nyingine. Papa alikufa kabla ya vita, kwa hiyo tulikuwa Maman, yaya na mimi. Chakula chetu kilitoka Nyantende, kwenye shamba la tonton, mjomba wetu, na alitakiwa mtu wa kwenda kukichukua kila wiki. Yaya alitaka awe yeye. "Miye niko mutu mukubwa," alisema. Maman alimkatalia kuvuka Nyawera peke yake mpaka Profesa atakaposema anaweza.

Basi Profesa alimpima. Mara ya kwanza yaya alipanga kwa rangi karata arobaini mfululizo. Nilikuwepo. Kwenye karata ya ishirini alisema kwa sauti, "Najua haiko rangi," na akaiweka kwenye rangi. Profesa aliacha kuandika. Wakati mtu alipokosea alikuwa anafurahi siku zote, lakini siku hiyo hakufurahi. Alimpa yaya chai, yeye mwenyewe akaimimina, akamwuliza magoli.

Baada ya miezi alimpima tena. Afadhali kidogo. Mara ya tatu ilikuwa kiangazi. Asubuhi ya siku hiyo tulikuwa tunakula mihogo, na yaya akaniinamia sikioni:

"Njo rangi, kisha umbo, kisha hesabu. Sita, sita, sita. Nimeishika yote."

Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu kipande kile. Nilielewa alichofanya. Alikuwa amekariri kipimo akiwa juu ya ukuta, Jumapili kwa Jumapili, wakati mimi navuta utepe. Nilielewa pia kwamba inabidi niseme. Nilikunywa chai yangu. Nikaenda naye kwa Profesa, nikakaa pembeni, na yaya akapanga karata zote bila kukosa.

Maman alikuwa amesimama mlangoni, hakutaka kuingia, mikono ndani ya kikwembe alichojifunga.

"Profesa, anaweza kwenda yeye peke?"

Profesa alitazama karatasi yake. Alitazama muda mrefu. Kuku alipita chini ya meza. Maman hakusogea.

"Anaweza, Maman," alisema.

Maman alikaa chini kwenye kizingiti, akalia, akamshukuru Mungu kwa Kishi, lugha ya kwao, na Profesa kwa Kiswahili. Yaya alimwambia asilie, watu wanaona.

Alikwenda Nyantende mara nne, akarudi mara nne, na maharagwe, viazi vitamu na habari za tonton. Njiani kulikuwa na bariere moja, kizuizi cha wanajeshi. Pale desturi ilikuwa kwamba unatembea mpaka kwao, kitambulisho mkononi, unasalimia kwa Kilingala, "Mbote, chef," wanakuangalia, unapita. Wiki ya tano wanajeshi walikuwa wengine. Kanuni yao ilikuwa unasimama kwenye pipa jekundu, unakaa chini, unasubiri kuitwa. Barabara nzima ilijua tangu asubuhi.

Mama mmoja muuza maharagwe alikuwa nyuma yake. Ndiye aliyekuja kwetu. Alisimulia akiwa amesimama, mzigo ukiwa bado mgongoni.

"Yeye mwenyewe njo alituambia. 'Bamaman, leo wamebadilisha. Mukifika ku pipa, mukae.' Sisi tukakaa. Yeye akapita. Nikamuita, 'Mutoto, pipa!' Akageuka akaniambia, 'Najua, Maman.' Akaendelea kutembea na kitambulisho. 'Mbote, chef. Mbote, chef.'"

Walimpiga chini, akainuka, akatembea tena kwao na mkono uleule mbele. Wakampandisha kwenye kamyo. Kamyo ikashika barabara ya kwenda Walungu. Hivyo ndivyo alivyosimulia. Maman alimpa maji. Tulikwenda kuuliza kila mahali pa kuuliza, na wakati mwingine waliandika jina lake. Hatujamwona tena. Sijui niongeze nini hapo. Nililala sana siku zile. Nilikula nilichopewa.

Viti vilirudi kanisani. Profesa hakuita mtu tena. Alikuja kwetu siku ya kwanza pamoja na majirani, akakaa kwenye benchi mpaka jioni, akaenda. Baada ya hapo alikuwa akipita njia ya juu, asipite mlangoni kwetu.

Mwaka ukapita na zaidi kidogo. Kisha tukasikia anaondoka kwenda kufundisha Nairobi. Nilikwenda kwake mchana, mke wake akiwa anafunga masanduku. Alikuwa barazani kwenye meza tupu. Bila meza yenye vitu alionekana mdogo.

Nilikuwa nimeandika sentensi yangu kwenye karatasi ili nisikwame. Niliisoma. "Profesa, yaya alikuwa amekariri mpangilio. Aliniambia asubuhi ile. Sikusema."

Hakufumba macho. Aliingia ndani, akatoka na kaye, akafungua, akanionyesha mstari. Mwandiko wake mdogo, siku ileile ya kipimo. Ulisema: *Anabadilisha kanuni kabla ya kusikia hapana. Mara zote.*

"Mutu mwenye kufikiri anangoja hapana kwanza," alisema. "Huyu hakungoja. Nilijua palepale kama anakariri."

"Sasa ju ya nini..."

"Maman yako alikuwa amesimama pale." Alionyesha mlango kwa kidevu. "Miaka yote ya bile vita batu wananiuliza, na neno la kinywa yangu kila mara lilikuwa baya. Nikataka mara moja liwe zuri."

Mke wake aliita kuuliza viatu gani. Alimjibu. Kisha akavaa koti, akaniambia twende.

Maman alikuwa nyuma ya nyumba, anachambua maharagwe kwenye ungo. Mimi nilibaki jikoni, nyuma ya pazia. Nilimsikia Profesa akimwambia yote: mpangilio, mstari kwenye kaye, muda aliotazama karatasi. Alisema, "Miye peke yangu nilijua, Maman. Hakuna mwingine." Alilisema mara mbili. Nilishika pazia. Sikutoka.

Maman hakupiga kelele. Mikono yake iliendelea, nilisikia mawe madogo yakianguka kwenye bati. Baada ya muda akasema, "Umekula?"

"Nimekula, Maman."

"Nikuulize kitu moja, njo uende. Wewe unajua hizi bintu za kichwa. Mutoto yangu, wakati alikuwa natembea kwenda kwa bale batu... aliogopa?"

Niliona kivuli cha Profesa kwenye pazia, kichwa kimeinama.

"Hapana, Maman. Mutu wa kidonda kama kile hasikie woga. Alikuwa anawasalimia tu."

"Eh," alisema Maman. Akapepeta ungo, makapi yakaruka. "Eh. Basi sawa."

Profesa alipotoka alipita jikoni, karibu nami kabisa. Ningeweza kumwuliza kama jambo hilo analijua kweli au amempa Maman tu ili atulie. Alikuwa amesimama kunifungulia nafasi hiyo, nafikiri. Nilimwangalia viatu mpaka akaenda. Usiku huo Maman alilala hadi asubuhi, mara ya kwanza tangu pipa, na sijamwuliza mtu yeyote mpaka leo.